Gramu Arobaini na Moja

Asubuhi ya siku aliyotakiwa kuondoka, Gramu alifika kazini macho mekundu, sanduku mkononi na kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Kamba yenyewe aliiona tangu getini. Akaitazama, akaona kuinama ni kazi, akaendelea na njia yake. Mtu akichoka kweli ndivyo anavyokuwa, jamani, hata kuinama anakufanyia hesabu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa na nusu ya wafanyakazi wa kituo kile cha kutibu ndege. Walimwita Gramu kwa sababu alikuwa tayari kugombana na yeyote, hata mkuu wa kituo, kwa ajili ya nusu gramu. Ndege wa porini waliletwa pale wameumia, wakatibiwa, wakapona, wakaachiwa waende zao. Wale ambao porini hawangeweza tena kuishi, huyu ana jicho moja, yule bawa lake limeunga vibaya, walibaki na kupewa kazi ya kuonyeshwa watoto wa shule. Kituoni waliitwa walimu, na waliheshimiwa kama walimu.

Katika walimu wote, aliyekuwa roho ya Gramu ni Karani. Alikuwa shore mdogo wa rangi ya udongo, kichwa cheusi, ambaye alimtazama kila mtu juu mpaka chini kama karani wa ofisini asiyetaka kukugongea muhuri. Familia moja ilimwokota akiwa kinda, ikamfuga jikoni ndani ya boksi la viatu na kumlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Walimpenda, hilo halina ubishi. Lakini mifupa ilipinda, na Karani hakuweza kuruka zaidi ya kutoka kitini hadi mezani. Kuimba? Aa, hapo usimguse.

Shida yake ilikuwa moja. Kwa miaka minne alikubali mkono wa Gramu peke yake, wengine wote aliwadonoa. Na kituo kilishaumwa na jambo hilo. Mwalimu aliyemtangulia Karani, mtunzaji wake aliacha kazi ghafla, ndege akagoma kula, na siku ya sita wakamkuta amelala sakafuni mwa kizimba. Tangu hapo ikawekwa sheria kwamba mtunzaji haondoki mpaka ndege akabidhiwe. Kumkabidhi ndege si kutia sahihi. Mtunzaji wa zamani na wa mpya wanavaa aproni za rangi moja, wanasimama bega kwa bega, wananyoosha mikono pamoja. Chakula kinakuwa kwenye kiganja cha mpya. Siku ndege atakapokula hapo, yule wa zamani anarudi nyuma hatua moja, kesho yake nyingine, mpaka anafika nyuma ya ubao mkubwa wa kujifichia asionekane tena. Baada ya hapo mwezi mzima haruhusiwi kumtokea ndege. Wala kuaga haruhusiwi.

Mtunzaji mpya wa Karani alikuwa Fundi.

Huyu Fundi alikuja pale kama seremala wa kutengeneza vizimba, kazi ya wiki mbili, akabaki miaka mitatu. Mrefu, mpole, vidole vina alama za patasi, na maranda hayakosi kwenye nywele zake. Mke alimwacha zamani. Kwa miaka mitatu yeye na Gramu walitazamana na kukwepana macho kama watoto walioiba sukari, watu wazima hao, mmoja ana miaka thelathini na sita na mwingine arobaini. Kisha sheria ya kituo ikawasimamisha bega kwa bega kila asubuhi, karibu mpaka Gramu alikuwa akisikia pumzi yake. Gramu, aliyekuwa anaitwa nyumbani kwao, aliomba apewe siku kumi za kumkabidhi ndege. Leo ilikuwa ya kumi na tisa, na kila siku Karani alikitazama kiganja cha Fundi akageuza kichwa.

Nyumbani nako hakukuwa na subira. Baba yao alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala, na dada yake mkubwa ndiye alikuwa naye peke yake. Jioni iliyopita dada alipiga simu.

"Kesho nakuja kukuchukua mwenyewe. Ndege apende asipende."

"Dada, akigoma atakufa."

"Na mimi je? Wewe huna mume, huna mtoto. Unataka nimwite nani? Au ni yule mwenye maranda kichwani anayekushikilia? Mwanamume kaachwa na mke, hujiulizi aliachwa kwa nini?"

Gramu alilia usiku ule, akamlilia baba, akamlilia ndege, na kwa aibu kidogo akajililia mwenyewe.

Sasa, asubuhi hii, aliweka sanduku pembeni ya chumba cha mizani, akafungua kizimba. Karani akashuka mkononi mwake, akapanda kwenye mizani bila kuambiwa, akatulia.

Arobaini na moja.

Gramu akapangusa macho. Akamtoa, akaweka jiwe la kupimia, mizani ikasema kweli. Akamrudisha. Arobaini na moja. Akalivuta daftari la uzito na kurudi nyuma ukurasa mmoja, kisha wa pili. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Namba zote zilikuwa za mkono wake mwenyewe. Aliziandika kila siku kwa macho yaliyochoka na sikio lililojaa simu za dada, na hakuzisoma hata mara moja. Yeye, Gramu!

Kwa siku kumi na nane, kila Karani alipomkataa Fundi, Gramu alimpa chakula kidogo tu cha kumweka hai, ili kesho aje na njaa. Ndege huyo alipaswa kukonda. Kama alikuwa ananenepa, basi alikuwa anakula. Na kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine mwenye ufunguo.

Akamrudisha Karani kizimbani, akachukua daftari, akaenda jikoni mwa ndege.

Fundi alikuwa anakata papai vipande vidogo vidogo. Alipomwona akatabasamu, lile tabasamu la upande mmoja lililokuwa likimharibia Gramu siku nzima.

"Umewahi leo."

"Fundi, Karani ana gramu ngapi?"

Kisu kikasimama juu ya papai.

"Si wewe unayepima?"

"Nakuuliza wewe."

Nje mnana mmoja alikuwa anapiga kelele kama mwenye nyumba aliyeibiwa.

"Ndege aliyegoma kula ananenepa kwa upepo mpaka arobaini na moja?" Gramu aliuliza. Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Niambie tu. Nimechoka, usinizungushe."

Fundi akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni.

"Anakula kwangu," alisema. "Kila alfajiri, kabla hujafika. Nampa mabuu mpaka anashiba. Ukija wewe, hana hamu."

"Tangu lini?"

"Siku ya nne."

Gramu alivuta kigoda, akaketi.

"Siku ya nne alipanda mkononi mwangu mwenyewe," Fundi aliendelea, akiangalia sakafu. "Nilifurahi, nikasema ngoja Gramu aje nimwonyeshe. Halafu nikafikiria. Ukiona, utarudi nyuma hatua moja. Kesho nyingine. Nikasema leo nisiseme, nitasema kesho. Kesho ikafika nikasema tena kesho."

"Siku kumi na tano."

"Siku kumi na tano."

"Umenifanya mjinga siku kumi na tano! Nimesimama hapo nakuhurumia. Nakwambia usikate tamaa, Fundi, atakuzoea. Jana usiku nimelia nikijua naondoka na namwua ndege. Na wewe ulikuwa unanitazama tu!"

"Nilikuwa nakutazama, ndiyo," alisema Fundi. "Nakupenda, Gramu. Miaka mitatu sasa. Sikujua njia nyingine ya kukuweka karibu."

Basi ndiyo maneno aliyoyasubiri miaka mitatu. Ameyasubiri akioga, akipika, akikata mapapai ya ndege. Yamekuja leo, na anatamani kumrushia daftari usoni. Machozi yalimtoka hivyo hivyo, ya hasira na ya mapenzi yamechanganyika, hakujua yapi ni yapi.

"Ungesema," alimwambia. "Neno hilo tu. Ningeondoka nalo likanishika mkono huko niendako. Unajua huko kuna nini? Baba hawezi kujigeuza. Asipogeuzwa anachimbika. Dada yuko peke yake, usiku na mchana. Juzi kaniambia kidonda kimefunguka mgongoni."

Rangi ilimbadilika Fundi.

"Hukuniambia kama hali ni hiyo."

"Kwani ulipaswa kuambiwa ndiyo useme ukweli?"

Fundi alisimama pale na mikono yake mirefu imening'inia, mwanamume mzima, na Gramu akaona kwa mara ya kwanza kwamba naye chini ya macho kumevimba. Kumbe kuamka alfajiri kwenda kudanganya nako kunachosha. Alitaka kumwonea huruma akajizuia.

"Saa nne wanakuja watoto wa shule," alisema akiinuka. "Utamwonyesha Karani wewe, peke yako. Mimi nitakuwa nyuma ya ubao. Ufanye sawasawa, Fundi. Nikiondoka hapa nataka niondoke mzima."

"Nitafanya."

"Na leo usimlishe tena."

"Leo sijamlisha kabisa," Fundi alisema taratibu. "Hiyo arobaini na moja ni shibe ya jana. Nilijua unaondoka. Nilitaka leo ale mbele yako."

Gramu akatoka.

Saa nne watoto walifika, arobaini na kitu, soksi zao nyeupe zimeshaanza kuwa nyekundu kwa vumbi. Wakaketi kwenye mabenchi ya ukumbi mdogo. Gramu alikuwa tayari nyuma ya ubao. Ubao ulikuwa na tundu la kuchungulia, limechongwa vizuri na kulainishwa kingo lisichome uso, kazi ya Fundi mwenyewe. Sheria ya nyuma ya ubao ni kutosema, kutokohoa, kutocheka.

Kupitia tundu lile alimwona dada yake akiingia.

Alikuwa amewahi saa nzima. Gramu alijiandaa kumwona mtu wa kwenye simu, yule wa maneno makali. Aliyeingia ni mwanamke aliyekonda, kitenge kimefungwa upande, ndala za nyumbani miguuni. Dada yake, ambaye zamani hakwenda hata dukani bila kuchana nywele! Aliketi benchi la nyuma pamoja na watoto, akapakata mkoba, na kabla Fundi hajamaliza kusalimia, kichwa kilishaanguka kifuani. Akalala hapo hapo, wima, mdomo wazi. Mtoto wa pembeni alimtazama, akasogea kidogo kumpa nafasi.

Gramu aliuma kidole asitoe sauti. Siku kumi na tano, alifikiri. Siku kumi na tano za huyu.

"Huyu ni mwalimu Karani," Fundi alikuwa anasema. Alifungua mlango wa kizimba, akanyoosha mkono, mabuu mawili kiganjani, na akangoja.

Karani alitoka. Akaangalia kushoto kwa Fundi, pale ambapo Gramu husimama siku zote. Hapana mtu. Akainamisha kichwa, akaangalia tena, akaita mara moja kwa sauti fupi. Gramu alisikia ule wito ukimpita moyoni. Alishika ukingo wa ubao kwa mikono miwili ili miguu isimtoe pale.

Fundi hakumharakisha. Hakumbembeleza wala hakutikisa mkono. Alingoja tu, jasho likimshuka kwenye sikio, watoto wote wamenyamaza.

Karani akaruka. Akatua kiganjani, akala buu la kwanza, akala la pili, akafuta mdomo kwenye kidole gumba cha Fundi kama alivyofanya miaka minne kwenye kidole cha Gramu. Kisha akapanda mizani, watoto wakasoma namba kwa pamoja kwa kelele, thelathini na tisa! Na Karani akafungua mdomo akaimba mpaka mtoto mmoja akaziba masikio akicheka.

Gramu alilia bila sauti, uso wake kwenye mbao. Ndege hatakufa tena kwa ajili yake. Sasa yeye yuko huru kuondoka, na hajawahi kuchukia uhuru kiasi hicho.

"Kwa nini hamumwachii aende?" msichana mmoja aliuliza.

"Kwa sababu hawezi tena kujilisha porini. Watu waliomwokota walimpenda," Fundi alijibu, maneno ambayo walimu wa kituo huyasema kila wiki. "Walitaka kukaa naye. Hawakuuliza yeye anahitaji nini." Hapo akakatika. Watoto wakangoja. "Hawakuuliza," akarudia polepole. "Kwa hiyo ukiona kinda chini, usimbebe. Mwite mtu mzima."

Watoto walipotoka, Gramu alipitia mlango wa nyuma, kwa kuwa sheria ni sheria, akazunguka jengo mpaka kwenye maegesho. Dada alikuwa ameshaamka na kutoka, amesimama kando ya gari aliloazima kwa jirani, anajipangusa uso kwa upindo wa kitenge.

"Nimesinzia," alisema kwa aibu. "Haya, twende. Jirani kakaa na baba, saa nane ana safari zake. Ndege wako kala?"

"Kala."

"Afadhali. Ulikawia mno, mdogo wangu. Sikufichi, nilikuwa nimeshaanza kukuchukia."

Gramu alifungua mdomo, lakini Fundi alikuwa amefika, amebeba sanduku lake. Akaliweka chini taratibu.

"Shikamoo, dada."

Dada alimtazama kama Karani anavyotazama watu. "Marahaba."

"Mdogo wako hakukawia kwa kupenda," Fundi alisema. "Ndege alinizoea siku ya nne. Mimi nilimficha hilo. Nilimdanganya ili asiondoke. Yeye kajua leo asubuhi."

"Fundi, acha," Gramu alinong'ona.

"Hapana, ajue. Usibebe lawama yangu."

Dada alimkazia macho Fundi. Gramu alimjua, alijua macho yale hufuatwa na nini, akajikaza kupokea. Lakini dada hata hasira hakuwa na pa kuitoa. Aliegemea gari.

"Siku ngapi?"

"Kumi na tano."

"Unajua mzee wetu ana kilo ngapi?"

"Sijui, dada."

"Themanini na mbili. Namgeuza kila baada ya saa mbili. Mimi hapa." Alinyoosha mikono yake miwili myembamba, akaitazama mwenyewe kana kwamba anashangaa. "Mgongo wangu umekwisha. Jana nilimgeuza nikaanguka naye, tukabaki chini wote wawili nusu saa, yeye anacheka na mdomo wake wa upande, mimi nalia."

"Nisamehe," alisema Fundi.

"Sitaki msamaha wako, nitaufanyia nini? Una mikono. Jumapili ndege wanajitegemea?"

"Kuna mtu wa zamu."

"Basi Jumapili uje umgeuze mzee, mimi nilale." Akafungua mlango wa gari, akaketi mbele ya usukani, hakumtazama tena.

Walibaki wawili. Fundi alipakia sanduku kwenye buti, akafunga. Kisha, bila kuomba ruhusa, alipiga goti moja kwenye vumbi na kuifunga ile kamba ya kiatu cha Gramu. Gramu aliangalia maranda kwenye nywele zake. Alitamani kuyatoa moja moja, mchana kutwa.

"Sijakusamehe," alimwambia.

"Najua."

"Na ukija kwa ajili ya kunirudisha huku, bora usije."

"Nakuja kumgeuza mzee." Alisimama. Macho yao yalikutana, na safari hii hakuna aliyekwepa. "Nikishajua kumgeuza, nitakaa kidogo nikutazame. Ukinifukuza nitaondoka."

Gramu aligusa bega lake mara moja tu, pale pale ambapo bega lake mwenyewe lilikaa kwa asubuhi kumi na nane, akaingia garini.

Dada aliwasha gari. Kutoka ukumbini Karani alisikika akiimba, na Gramu akapandisha kioo, yeye mwenyewe asije akaliita jina la ndege wake.

"Atakuja?" dada aliuliza.

"Atakuja."

"Mtu kakudanganya siku kumi na tano, unamwamini vipi?"

Gramu aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Simwamini bado, dada. Nampenda."

Dada aliguna, akatia gia.

"Basi mwambie asije na uvivu," alisema. "Saa mbili asubuhi mzee anaogeshwa."